Majoho Thelathini na Mawili ya Kwaya ya Pamoja

Jumatatu, 4 Agosti
Leo historia! Mimi Clever wa Bweri, kidato cha pili na nusu, nimeunganisha databesi na jedwali la mtandaoni. Peke yangu. (Video ya mafunzo nilichungulia kidogo tu.) Kazi yenyewe ni majoho ya kwaya ya pamoja, Musoma, Bunda na Butiama, kwa tamasha la tarehe 24. Majina yako kwenye jedwali, viongozi wa kwaya zote tatu wanaingia kuandika. Vipimo viko kwenye databesi yangu. Namba ya mstari ndo inavikutanisha: jina la mstari wa tano linachukua kipimo cha tano. Rahisi mpaka aibu.

Mwenyekiti wa kanisa, Bonifasi, kasema majoho yakiwakaa watu vizuri, kazi ya ofisi ya kanisa ni yangu. Meza, ufunguo, na dirisha la kutazama ziwa. Nimeshaliona hilo dirisha. Pazia la bluu. Linapepea polepole...

Jumatano, 6 Agosti
Kanipigia Revocatus, katibu wa kwaya ya Bunda. Ana diploma, anaitajaga hata akisalimia. Eti nimpe kila mwimbaji namba yake ya kudumu, kama ya mtihani, ili jina likihama kipimo kiende nalo. Nikamwambia kaka, waimbaji si wafungwa. Akauliza jina la Clever nilipewa au nilijipa. Wivu huo!

Mchana kutwa nimelitazama jedwali. Kila anayeandika ana kirangi chake. Mama Pelagia wa Butiama kijani, Revocatus zambarau. Vinaelea, vinatua, vinaondoka, kama vipepeo juu ya mihogo ya bibi kule Kiriba. Nikasinzia. Nimeota niko dirishani, ziwa linanipigia saluti.

Jumamosi, 9 Agosti
Kijani kinacheza! Mama Pelagia anahamisha majina juu, chini. Nimempigia. Kasema mwanangu, kwake hilo jedwali ndo jukwaa: aliye juu anasimama mbele, na baada ya kila mazoezi anapangaga upya. Dorah kamleta katikati kwa sababu anaimba anatabasamu. Bernado kamsukuma nyuma, anaziba watu. Nikasema mama, panga tu, databesi inafuata yenyewe.

Na kweli! Jina jipya likitua kwenye mstari, linachukua kipimo cha hapo hapo. Chap! Sijawahi kuona kitu kitiifu hivi.

Nimechapa orodha, nikaenda nayo Kabasa kwa fundi Khalidi. Mzee akasoma, akavua miwani. Akauliza huyu Bernado mbona ana kifua cha mtoto. Nikamwambia mzee wangu, kompyuta haibahatishi. Akasema sawa, yeye anashona kilichoandikwa.

Jumamosi, 23 Agosti
Butiama. Majoho yamefika, kila moja na jina lake kwenye kola. Mazuri, rangi ya maziwa! Wakavaa.

Mama yangu.

Bernado anabebaga magunia mawili kwa mpigo. Joho lake limemwishia magotini, kapumua mara moja, mshono ukalia. Dorah katoweka ndani ya lake, tunasikia sauti tu ikiuliza mlango uko wapi. Mama Pelagia akaniita Clever kwa sauti ambayo si ya kuita jina.

Revocatus hata hakunitazama. Hilo ndo liliniuma. Akapiga makofi, akaagiza wote wavue, warundike pale, kila mtu achukue linalomtosha, majina ya kola waachane nayo. Dakika ishirini. Yakawatosha wote.

Jumapili, 24 Agosti
Wameimba mpaka watu wakasimama. Ufunguo kapewa Revocatus. Meza pia. Nimemwona akilifungua dirisha langu. Hata pazia halina!

Lakini nimekaa nimewaza. Majoho thelathini na mawili, waimbaji thelathini na wawili, kila mtu kapata la kumtosha. Hakuna lililozidi, hakuna lililopungua. Kumbe databesi ilikuwa sahihi, watu ndo walivaa vibaya! Nimemweleza Mwenyekiti. Kavaa kofia yake, kaondoka. Kakubali, nadhani.

Rhobi jirani yetu ana harusi mwezi ujao. Wageni mia mbili, viti vya namba, na orodha inaandikwa na kamati nzima, kila mmoja anampandisha shangazi yake meza ya mbele. Nimemwambia dada, lala usingizi.

Nimeshaunganisha.