Koki Tatu Chini ya Ngazi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeungua bega. Si kazini, ni kwa kuoga. Bomba la mvua la nyumba hii lina wazimu. Maji yanaanza vuguvugu, unajisahau, unajipaka sabuni mpaka machoni, halafu yanageuka ya kunyonyolea kuku. Ukirukia pembeni yanakuwa barafu. Nimetoka na povu masikioni. Kipara alikuwa koridoni anacheka. Yeye ndiye aliyevuta maji chooni. Anajua vizuri kwamba choo kikivutwa anayeoga anababuka. Huwa ananisubiri nianze kuimba ndipo avute.

Kipara ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la viatu. Mchana hulala chumba cha uani. Mimi nalala chini ya ngazi. Mlango wangu unafunguka nusu kwa sababu ya kitanda, na mtu akipanda ngazi vumbi linaniingia kwenye chai.

Jioni Mama Mwenye Nyumba katuita. Mpangaji wa juu kahama. Chumba chenye madirisha mawili! Atapewa yule atakayelitengeneza bomba la mvua, maana amechoka kuuza vitambaa dukani huku shingo inawaka.

Kabla Kipara hajafungua mdomo nikasema mimi ni fundi bomba. Uongo kidogo. Pale tunapojenga huwa nambebea fundi mabomba yake. Mwaka mzima yako begani kwangu. Lazima kuna kitu kimeshapanda kichwani.

Ni lazima nikipate chumba kile. Mke wangu anakuja tarehe kumi na saba. Miaka mitatu hatujaonana. Kwenye simu nilimwambia nina chumba kikubwa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimemuuliza fundi kazini, kijanja, kana kwamba ni nyumba ya mtu mwingine. Hakuacha hata kutafuna. Akasema koki ya kuchanganyia maji ya moto na baridi imekufa, inunuliwe mpya, ifungwe, basi. Nimekasirika. Kununua kila mtu anajua. Ufundi uko wapi hapo?

Nimepandisha moto wa hita ya maji mpaka mwisho.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mama kaungua. Nimeushusha moto mpaka mwisho. Mama kaganda. Kipara kaniuliza kwa upole nilisomea wapi. Nikamjibu kazini. Akasema inaonekana.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kiatu kimedondoka nyuma ya kitanda. Nikapeleka mkono. Nimeshika nini? Koki! Ziko tatu, zimejipanga ukutani ndani ya vumbi. Nimezijaribu moja moja. Ya kwanza inafunga maji ya jikoni, ya pili ya choo, ya tatu ya bafu. Miezi yote hii nalala nazo. Soksi nazianika pale pale juu yake, sijui!

Nimekaa kitandani nimefikiri. Choo kisichokuwa na maji hakivutiki, na jikoni pakikauka haoshwi sufuria, basi maji ya bafu hayana wa kuyashtua. Mtu mwenye koki anahitaji shahada ya nini?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Alfajiri nimeweka sikio kwenye bomba. Mama kaingia bafuni, bomba likaguna. Nikafunga jikoni, nikafunga choo. Kimya. Halafu nikamsikia Mama anaimba kwa pua. Tangu nihamie hapa sijawahi kumsikia akiimba.

Kipara karudi kutoka lindoni. Kaingia chooni. Kavuta. Kavuta tena. Kisha akazunguka nyumba nzima na ndoo mkononi, anamuuliza kila ukuta. Ni mara chache nimefurahi namna hii nikiwa nimelala.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kila asubuhi nafunga, Mama anaoga, nafungua. Leo kanisifu mbele ya Kipara. Kasema, "Mwanangu, mikono yako ina baraka." Nikaitazama mikono yangu. Ina sugu tu, lakini sikubisha.

Chumba cha juu ni changu! Nitahamia Jumamosi. Kipara ataingia chini ya ngazi, kwa sababu cha uani Mama anataka kuweka majora yake. Nilidhani atalalamika. Kasema kule kuna giza zuri la mtu wa kulala mchana. Nimemhurumia. Nimemwachia na msumari wa kutundikia koti.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Nimehama. Madirisha mawili! Moja halifunguki, lakini linahesabika. Nimelala sakafuni, nikanyoosha mikono yote miwili. Sikugusa ukuta. Machozi yakanitoka kidogo. Sijui yalitaka nini.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Alfajiri, kabla Mama hajaamka, nimekwenda stendi kumpokea mke wangu. Ana mvi juu ya paji la uso. Nami ninazo. Tulisalimiana kama watu wanaosubiri foleni. Njia nzima nilikuwa natafuta la kusema, naye pia. Alipoyaona madirisha ndipo akatabasamu. Kasema, kumbe hukunidanganya.

Hapo nikalewa sifa. Nikamwambia teremka ukaoge, mama, utoe vumbi la safari, bafu hilo nimelitengeneza kwa mikono yangu. Nikakaa kitandani kusubiri. Nikamsikia Mama Mwenye Nyumba jikoni anaanza kuosha masufuria.

Ndipo nikakumbuka koki ziko wapi. Naapa, ndipo tu!

Nilishuka ngazi kama gunia. Mlango wa Kipara ulikuwa nusu wazi. Kakaa kitandani, anaziangalia koki zote tatu, kisha ananiangalia mimi.

"Hizi ndizo shahada zako, mkubwa?"

Kabla sijajibu, ukelele ukatoka bafuni.

Mke wangu alitoka na khanga, shingo nyekundu, povu kwenye nyusi.  Kapangusa povu kwa ncha ya khanga.

"Kwenye simu ulikuwa hodari," akasema.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Kipara kamwambia Mama yote. Mama kanunua koki ya kuchanganyia. Kipara kamleta fundi, na fundi mwenyewe ni yule yule wangu wa kazini! Kamaliza kabla chai yake haijapoa. Aliponiona hakushangaa, kaniambia nimshikie begi la vifaa. Nikalishika.

Afadhali Mama angenitukana. Kasema tu kwa sauti ya chini kwamba Kipara atapanda juu, mimi nirudi kwangu.

Mke wangu alichungulia chini ya ngazi. Akakipima kitanda kwa macho, akanipima na mimi. Kisha akampigia simu dada yake anayekaa upande wa pili wa mji. Atakaa huko mpaka nipate mahali ambapo mtu anaweza kusimama wima. Nilimbebea sanduku mpaka kituoni. Kaniambia nile vizuri, nimekonda. Basi likaondoka. Nilibaki nimeinua mkono muda mrefu, mpaka mtu akadhani namwita.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Wanasema bomba la mvua limepona kwa sababu ya koki mpya. Wacha waseme. Alfajiri Mama alipoingia kuoga, nikafunga jikoni, nikafunga choo, kama zamani. Maji hayakubadilika hata kidogo! Nilimsikia akiimba. Mkono wangu haujasahau kazi.

Kipara huko juu na madirisha yake hana koki hata moja, maskini. Anazijua zangu, lakini anayezishika ni mimi. Leo tena kazunguka na ndoo.

Mama kauliza, macho yake kwenye mlango wangu, mbona asubuhi jikoni maji yanakatika. Nimemwambia hilo nalo naweza kulitengeneza, ikiwa habari ya chumba cha juu bado inazungumzika. Hakujibu. Hajakataa!

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia asiendelee kutoa nguo sandukuni.