Bangili ya Kupima Utulivu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa unyenyekevu: yafie kifuani mwako. Usimwambie hata mkeo.

Leo muuguzi wa kazini ametuvisha bangili za kupima mapigo ya moyo. Moyo ukienda mbio, bangili inalia piii. Bosi katangaza: atakayekuwa mtulivu kuliko wote wiki hii, ndiye msaidizi wake. Mimi ni karani wa muda. Nikikosa, mwezi ukiisha natoka. Lakini nani mwingine? Nimetulia kama maji mtungini. Viganja vimelowa, ndiyo. Ni joto.

Jumatano, 5 Machi

Bangili yangu mbovu. Inalia bosi akipita bila kunisalimia. Ililia aliposifu chai ya mtu mwingine! Mama Stempu, mwenzangu hapa masjala, akanishika bega: "Mwanangu, hiyo inalilia sifa. Ipe ikalale." Chumba kizima kicheko. Piii!

Hata hivyo, kanipa wazo. Nimemwomba shemeji, mume wa dada, apige simu ofisini kesho, ajifanye mwananchi aliyeridhika na huduma yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kapiga. Bosi akaweka spika, wote tusikie. Kijana mwerevu, shemeji akasema. Hazina! Bangili kimya. Nilikuwa napaa. Kisha, jamani, akanogewa: akasema ila hakuna amfikiaye yule mama wa stempu, aliyemsaidia kupata cheti cha mtoto mwaka jana.

Piii! Piii! Haikunyamaza. Bosi akadhani king'ora cha moto, akatutoa wote uani. Tumeshapanga mstari juani ndipo wakagundua kuwa moto ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nafasi kapewa Mama Stempu. Muuguzi kaniita pembeni, kwa upole. Eti anayejiona mkubwa mno, mwili wake haupumziki. Unaulinda ukubwa huo muda wote, na neno dogo tu unalipokea kama chui mlangoni.

Nimemwelewa kabisa: moyo wangu si wa kawaida. Ameomba kunitaja katika utafiti wake, bila jina. Bila jina! Nimemjibu: jina kamili, herufi kubwa, na picha.

Msomaji, mwezi ukiisha utanipata kwa dada, nyumba ya pili baada ya kinyozi, kwenye kochi la sebuleni. Gonga polepole, nashtuka upesi. Na shemeji akikufungulia, tafadhali, usimsifu nikisikia.