Gurudumu la Bure

Jumatatu, 14 Julai 1969

Gurudumu la bembea bado lipo. Lilikuja kwa gari moshi kwa ajili ya sherehe za Saba Saba, likasimikwa kwenye uwanja wa karibu na stesheni, na sote tulidhani litaondoka baada ya sherehe. Halikuondoka. Limenogewa na Tabora. Au limenogewa na mifuko ya Tabora.

Siku ya Saba Saba kiingilio kilikuwa thumuni, nusu shilingi, na ukishaingia unapanda utakacho. Leo kibao kinasema shilingi kuingia, na huko ndani kila kitu kina bei yake. Farasi wa mbao mbali, gurudumu mbali. Nilisimama mbele ya kibao muda mrefu hadi mama mmoja nyuma yangu akauliza kama ninasoma au ninatunga.

Nina sababu ya kusoma. Nimemwahidi Bernadeta gurudumu siku ya Jumapili. Bernadeta anafundisha kushona Kipalapala, kwenye seminari nje ya mji. Nataka kumwoa. Hilo nimeiambia shajara hii tu. Mama yake, Mama Josepha, ameruhusu matembezi baada ya misa, ila alisema, huku akimenya karanga, kwamba kijana akishindwa ahadi ya gurudumu, ahadi ya nyumba ataitimiza vipi? Nilimsaidia kumenya.

Bernadeta mwenyewe anataka kujua jambo moja. Mtu akiwa juu kabisa, paa la kanisa la Kipalapala linaonekana? Tangu aliulize, nami siwazi kingine. Nimeuliza ofisini. Mhudumu wetu anasema aliona mpaka Bukene. Bukene ni kwetu, na kwa gari moshi ni safari ya kuchosha. Nikamuuliza kama alimwona mama yangu. Akasema hapo alikuwa amefumba macho. Bwana Nikolaus, karani mkuu, anasema ukiwa juu unaona mabati ya jirani zako, yapi yana kutu na yapi ni mapya, na kwamba elimu hiyo inastahili bei yoyote.

Darwesh wa duka la vitambaa alikwisha kupanda zamani. Anasema aliona mawingu. Akaongeza kwamba Bernadeta akikosa mtu wa kumpeleka, yeye yupo, na pikipiki ipo. Aliyasema hayo huku akinipimia kitambaa ambacho sikukiagiza.

Jumanne, 15 Julai

Bei imepanda tena. Usiku mmoja tu! Watu wanasema ni mafuta ya mashine ya umeme. Wengine wanasema ni tamaa. Fedha ya mahari naiweka Posta, na sitaki kuigusa. Nikiigusa kwa ajili ya kumfurahisha Bernadeta, nitamwoa kwa fedha gani?

Mpango wa kwanza. Kwenda kulalamika langoni. Nchi hii imekwisha kutangaza Azimio la Arusha. Kupandisha bei ya furaha ya wananchi ni unyonyaji. Niliandaa hotuba fupi, yenye utangulizi. Nilifanya mazoezi njia nzima kutoka nyumbani Cheyo juu ya baiskeli. Nilipofika, mlinzi wa lango akaniuliza nataka nini. Mtu mpana, ana sauti ya kuita meli. Nikamuuliza saa ngapi.

Akacheka. Akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Akapiga makofi. Yeye ni Mzaramo, anaitwa Pazi, na ametoka Dar es Salaam na mashine hizi. Akawaambia watu wote waliokuwa kwenye foleni kwamba mtani wake amekuja, na kwamba babu yangu alitembea kutoka hapa mpaka pwani na pembe ya ndovu ya mtu mwingine begani, lakini mimi nimeshindwa kubeba shilingi yangu mwenyewe kutoka nyumbani.

Foleni ilifurahi sana. Kisha akanivua kofia, akaivaa.

Ni kofia yangu ya pama. Ya mshahara wa kwanza. Lakini utani ni utani. Mtani akichukua, huruhusiwi kununa. Nilicheka kwa meno yote. Nimerudi kichwa wazi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaza siku mbili. Kama utani unaweza kuchukua kofia, utani unaweza kutoa gurudumu. Barabara ina pande mbili.

Nilimuuliza Bwana Nikolaus sheria za utani, kwa tahadhari, kana kwamba ni utafiti. Akaweka kalamu chini. Alisema katika enzi za misafara, wapagazi wetu walipofika pwani wakiwa hoi, Wazaramo ndio waliowapokea, wakawanyang'anya, wakawatukana, wakawalisha, na aliyekufa wakamzika. Nao wakija huku vivyo hivyo. Hakuna shauri, hakuna polisi. Ila mtani haombi. Ukiomba, limekuwa deni. Unatukana kwanza, kisha unachukua.

Hapo ndipo penye shida. Shuleni tulifundishwa mambo mengi, kutukana hapana.

Redioni wametangaza kwamba watu wako njiani kwenda mwezini. Bwana Nikolaus akauliza nauli imelipwa na nani. Hakuna aliyejua. Mimi nilitaka kujua kama wakifika watasema imestahili, au wataona aibu kusema haikustahili, baada ya kwenda mbali kiasi hicho. Maana hapa Tabora nimeuliza watu wengi walioshuka kwenye gurudumu, na kila aliyelipa bei ya juu anasema lilikuwa zuri sana. Waliopanda kwa thumuni ndio wanaolalamika kuhusu viti.

Ijumaa, 18 Julai

Jaribio, baada ya kazi. Nilipita chini ya kamba ya lango kwa nguvu na kusema kwa sauti: wewe Mzaramo, tafadhali, babu yako alitungoja pwani kwa sababu alikuwa mvivu wa kutembea.

Pazi alikaa chini. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yangu. Alisema ametukanwa na Wanyamwezi wa kila aina, katika kila stesheni kutoka Moshi mpaka Kigoma, lakini hajapata kutukanwa kwa tafadhali. Akaniambia nipite.

Nimeingia! Bure! Nilipanda farasi wa mbao. Watoto walinitazama. Farasi wangu hakuwa na sikio. Sikujali. Sikupanda gurudumu; nimeona ni haki kumsubiri Bernadeta, na pia lilikuwa likipiga kelele fulani kwenye ekseli ambayo sikuipenda.

Wakati wa kutoka Pazi akanifungua tai, akajifunga yeye. Akaniuliza Jumapili nitakuja na nani. Nikamweleza. Akaapa kwamba tutapanda bure, mimi na mke wangu. Nikasema bado si mke wangu. Akasema kwa tukano lile haishangazi.

Kofia na tai. Bado nimepata faida.

Jumamosi, 19 Julai

Pazi amekuja ofisini.

Alikuja amevaa kofia yangu na tai yangu, akaketi kwenye kiti changu, akawauliza wenzangu huyu mpagazi wao anabeba majalada mangapi kwa safari. Akala viazi vyangu. Nilisimama ukutani na jasho likinitoka. Nilidhani Bwana Nikolaus ataniandikia onyo. Badala yake alimkaribisha chai, akamwambia ampige mtani wake mgongoni, labda atanyooka. Pazi akanipiga.

Kisha akasema anakwenda sokoni na jua ni kali, kwa hiyo anachukua baiskeli. Nikauliza, kwa heshima, mpaka lini. Ofisi nzima ikaguna. Mtani haulizwi mpaka lini.

Nimerudi Cheyo kwa miguu. Nikapitia uwanjani. Bei imepanda tena, wameandika kwa chokaa juu ya ile ya zamani. Darwesh alikuwa kwenye foleni akinung'unika. Alisema kwa fedha hiyo mtu anapanda basi mpaka Nzega, anakula wali, anarudi, na Nzega haizunguki. Watu wakamuunga mkono, lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni. Hilo lilinishangaza. Nikamwambia Darwesh kwamba mambo haya yanataka kufahamiana na watu. Akaniuliza mbona natembea kwa miguu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jioni. Nitaandika kwa utaratibu.

Nilikwenda Kipalapala kwa miguu, bila kofia, katika vumbi. Mama Josepha alinikuta mlangoni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama nyuma yangu. Alikuwa akitafuta baiskeli. Nikamweleza kwamba tunapanda bure, akasema naye atakuja, kwa kuwa gurudumu la bure halionekani mara mbili. Bernadeta alikuwa amevaa kitenge kipya. Aliniuliza kama nimejua habari ya paa. Nikamwambia tutajua pamoja. Akatabasamu. Tulipata lifti kwenye lori la seminari, tukaketi juu ya magunia ya mihogo, na mpaka hapo ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Langoni nilitoa tukano langu. Nilikuwa nimeondoa tafadhali.

Pazi hakucheka. Alisimama, akanyoosha tai yangu, akatangaza mbele ya Tabora nzima kwamba mtani wake amemletea mke. Akamshukuru Mama Josepha kwa kumlea. Akasema mahari atalipa Mnyamwezi, maana kubeba ni kazi yake.

Nilimtazama Mama Josepha. Nilitegemea atakasirika. Mama Josepha ni Mnyamwezi kunishinda mimi. Alicheka hadi akashika nguzo. Akamwambia Pazi kwamba mwanawe haolewi na mtu anayevaa kofia ya wizi, na Pazi akamjibu kwamba mkwe hachagui. Wakaendelea hivyo, wamefurahi, kama watu waliofahamiana tangu enzi za misafara. Mimi sikuruhusiwa kununa. Nilicheka. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

Pazi akawachukua wote wawili, akawapeleka kwenye gurudumu, akawafungia mnyororo wa kiti. Viti ni vya watu wawili wawili. Akarudi akanikabidhi mkoba wa tiketi, akasema yeye anakwenda kula, kwa hiyo leo mjukuu wa mpagazi atambebea kazi ya lango. Akaondoka.

Ningefanya nini? Foleni ilikuwa inasubiri.

Nilikata tiketi. Watu waliniuliza mbona bei imepanda, nami, sijui kwa nini, nikawajibu kwamba ni mafuta ya mashine. Darwesh alifika, akalipa bei yote kimya kimya, akaniambia ahsante bwana mkubwa. Kisha akafika Bwana Nikolaus na mke wake. Akanitazama, mimi mtumishi wa Serikali, na mkoba wa biashara ya mtu binafsi shingoni. Nikamkatia tiketi. Akauliza kama kuna punguzo kwa wafanyakazi wa ofisi moja. Nikasema hakuna. Akasema vizuri, nina msimamo.

Hapo mashine ya umeme ikazimika. Gurudumu likasimama. Bernadeta na mama yake walikuwa juu kabisa. Darwesh, peke yake katika kiti cha chini kidogo, alianza kumwita Mungu, na baadaye akatapika, na waliokuwa chini yake walisema mengi kuhusu bei. Lakini kule juu hapakuwa na kelele. Nilimwona Bernadeta ameinamia mbele, mkono umekinga macho, anatazama upande wa kusini. Alitazama muda wote. Sijawahi kuona mtu ametulia namna ile mahali pa hatari. Nilitaka sana kuwa pale. Niliogopa pia, lakini nilitaka.

Waliposhuka nilimkimbilia, mkoba ukinigonga kifuani. Nikauliza: linaonekana?

Akasema linaonekana. Dogo, linang'aa, na moshi wa jikoni kwao ukiwa pembeni. Kisha akasema nami nilionekana vizuri, nikikata tiketi.

Akafungua pindo la kanga aliyojifunga kiunoni. Ndani palikuwa na fedha. Za kiti chake, na za kwangu. Alizifunga tangu Jumatatu, alipoona bei inapanda, kwa sababu alijua nitahangaika. Alisema alitaka tupande wawili, alipe mwenyewe kama ni lazima, ili aone nitasema nini nikiwa juu, mahali pasipo na kibao cha kusoma.

Sikuwa na la kusema hata nikiwa chini.

Mama Josepha alinitazama kuanzia kichwani, pasipo na kofia, hadi miguuni. Akaniambia kwa upole: mwanangu, kwako bure ni ghali mno. Akasema habari nyingine tutaiongea siku nitakapokuja nimepanda kitu. Akanunua miwa kwa fedha ya Bernadeta. Nilipewa kipande.

Jumatatu, 21 Julai

Watu wamefika mwezini. Bwana Nikolaus anasema wametembea huko na kuokota mawe. Nikauliza kama dunia ilionekana. Hajui. Amesema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mke wake ameona bati la nyumba yao lina kutu kuliko yote Cheyo, na kwamba afadhali asingelipa.

Bernadeta amenitumia salamu kwa dereva wa lori la seminari. Gurudumu linaondoka Alhamisi kwenda Mwanza. Jumatano jioni yuko huru. Anasema tulipe kama watu wengine, nusu yeye, nusu mimi, tupande mara moja, tushuke. Mama yake ameridhia.

Ni wazo jema. Nimelifikiria asubuhi yote. Nilitembea mpaka Posta, nikasimama mlangoni.

Lakini kosa langu nimeliona. Kosa halikuwa utani. Kosa lilikuwa mtu. Pazi ni wa lango. Lango ni mahali pa kuchukuliwa vitu. Mwenye gurudumu hasa ni yule fundi anayeliendesha, mtu mtaratibu, mwembamba, mwenye funguo kiunoni. Nimeulizia. Ni Mgogo kutoka Dodoma. Wagogo nao ni watani zetu wa njia ile ile, na wanasemekana si watu wa makuu.

Nimeanza kuandika tukano. Fupi, bila utangulizi.

Viatu bado ninavyo.