Goti Jipya na Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi nyumbani na goti la bandia. Dawa mbili: ya maumivu, na steroidi ya kushusha uvimbe, kila asubuhi baada ya chai. Mguu juu ya mito, barafu, mazoezi kidogo. Kushona, marufuku. Wifi ananishikia duka la ushonaji. Binti yangu anasema wateja wanamsifu. Sikumuuliza.

Jumanne, 5 Machi
Nikilala tu, goti linaamka. Sasa steroidi ya asubuhi inamsaidia nani? Binti alipogeuka nimekitia kidonge mfukoni. Nitakimeza jioni, nilale fofofo, kesho nikamtoe wifi kwenye kiti changu.

Jumatano, 6 Machi
Sikupata hata lepe la usingizi. Lakini goti kimya, na nguvu ninazo za kuhamisha kabati. Nimekula mkate mzima peke yangu. Binti alipotoka, nimevuta cherehani ya nyumbani na kumaliza suti ya mwalimu mkuu kabla ya adhuhuri. Wifi angeichukulia wiki. Jioni, kidonge tena.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu mkuu amekuja kujaribu koti. Mikono yote miwili ni ya kushoto. Alisimama mbele ya kioo kama mtu anayekata kona. Wifi ameitwa, amelifumua na kukata mkono mpya. Heri angenisema. Goti limevimba kama boga.

Ijumaa, 8 Machi
Kwa daktari. Nimemweleza goti, usingizi uliokimbia na nguvu za kuhamisha kabati. Aliuliza steroidi nameza saa ngapi. Nikasema asubuhi. Binti akatazama dari. Nikasema basi, jioni.
“Ndiyo maana hulali, mama,” daktari akasema. “Dawa hii inachangamsha mwili. Imeze asubuhi na chakula. Ya maumivu ndiyo umeze kabla ya kulala. Na zile nguvu zilikuwa za kidonge, si zako.”
Hilo la mwisho halikuwa na ulazima.

Jumatatu, 11 Machi
Nimefuata maagizo, nimelala hadi kumekucha. Uvimbe umeshuka. Wifi ameleta supu, akasema nipone haraka, kiti changu kinamvunja mgongo. Nimeona haya kidogo.
Ila steroidi zimekwisha, na daktari amekataa kuniongezea. Sare za shule nazo zinasubiri kushonwa. Nimewaza sana.
Tangu mchana nachechemea kwa mguu wa pili, ule mzima. Nimemwambia binti goti hili nalo limeanza, anirudishe kwa daktari.