Sinia la Kifunguni na Ngazi za Mchafukoge

Tulieni, enyi wachuuzi wa Kariakoo! Zimeni vipaza sauti, tueni mizigo ya vichwani, mpate kusikia habari ya Maimuna binti Haruna, simba jike wa Msimbazi, muuza vitumbua asiyepata kurudi na kitumbua nyumbani, siku alipolibeba sinia la upana wa pima nzima kuwapelekea vijana wa Kifunguni.

Kifunguni kilikuwa kisiwa. Bahari ilikila kidogo kidogo mpaka ikafika msikitini, watu wake wakatawanyika Mbagala, Tandika na kwingineko, wakazaa watoto wasiojuana. Ndipo wazee wakaitisha kambi ya uongozi, siku tatu, ghorofa ya tatu pale Mchafukoge, ili vijana kumi na wanane wachague viongozi wao. Siku mbili zikapita, kila mmoja kainamia simu yake. Maimuna, mpishi wa kambi, naye mzaliwa wa kisiwa hicho, alilia jikoni, wala hakusingizia vitunguu. Jioni ya tatu wangetawanyika tena, na safari hii moja kwa moja.

Kwao hakuna baraza lililoanza kabla watu hawajala sinia moja. Basi akamwendea fundi bati, akanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha kipimo, kama walivyopima mama zake. Na kama mama zake, waliokula mchangani, hakuwaza habari ya milango.

Loh! Sinia lilipita mlangoni kiubavu, likapanda ngazi kumi kwa kishindo cha ngoma za vita, na kwenye kona likakwama. Akasukuma, likanguruma. Akavuta, likambana kidole. Hapo akatokea Leodegar, mlinzi wa jengo, jabali la Kibosho, mshika funguo ishirini na saba.

"Ewe Bi Maimuna," akanena, "kona hii imelishinda hata kabati la mwenye nyumba! Likunje, ama ulirudishe lilikotoka!"

"Nilikunje, mtani wangu?" akajibu Maimuna, jasho likimtiririka. "Sinia la watu kumi na wanane nilikunje liwe la tisa? Na hao tisa wengine niwaambie wakale kwao? Kwao wapi?"

 Leodegar akashika upande wa pili, wakaliteremsha pamoja, wakalilaza barazani kati ya duka la vitenge na bajaji mbovu. Maimuna akamimina wali wa nazi na mchuzi wa pweza, kisha akasimama chini ya ngazi akapaza sauti:

"Enyi wana wa Kifunguni! Chakula kimegoma kupanda, shukeni ninyi! Atakayechelewa atakuta sinia jeupe!"

Wakashuka wakinung'unika, wakachuchumaa goti kwa goti, na kwa mkono wenye mchuzi hakuna aliyeweza kushika simu. Mrisho wa Mbagala, aliyekuwa hajatamka neno tangu kambi ilipoanza Alhamisi, akamsogezea jirani yake mnofu.

"Kula, dada. Kwani we' wa kwa nani?"

"Naitwa Nasreen. Bibi yangu Bi Mwanakheri wa Kisimani."

Mrisho akaacha kutafuna. "Acha bwana! Huyo si mdogo wake bibi yangu mimi?"

Duara zima likaanza kuulizana majina ya mabibi, kwa makelele yaliyomtoa muuza vitenge dukani, na wali ulikuwa haujaisha walipokwisha kuchagua viongozi wao.

Iandikwe basi kwa wino usiofutika: Jumamosi, saa saba na robo mchana, barazani Mchafukoge, watu wa Kifunguni walikula pamoja, na pweza hakutosha.