Ukurasa wa Pili wa Barnabé Tranchemontagne

Tunayo furaha kuutangazia ulimwengu mzima, na hasa wakazi mia nne na kumi na wawili wa kijiji cha Sainte-Gudule, kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayekuwa na babu bila idhini ya halmashauri.

Mimi ni Naibu Msajili Mwandamizi wa Mababu. Msajili Mkuu hajateuliwa, na msaidizi wangu ni mashine ya kahawa. Nahakiki ni nani alitokana na walowezi wa kwanza walioshuka melini kutoka Ufaransa mwaka 1667, na ni nani ni mtu wa kuja, tuseme wa 1702, anayejifanya mwenyeji.

Meya wetu, Bwana Rosaire Tranchemontagne, alitunga sheria yenye vifungu vitatu. Kwanza, uwanja wa kanisa ni wa wazawa waliothibitishwa tu. Pili, kila mapatano waliyoyawekea alama walowezi hao yana nguvu hadi leo. Tatu, Meya amekwisha kuthibitishwa. Hicho cha tatu kilipita bila mjadala.

Tatizo likawa Mama Imelda Quessy. Ana miaka arobaini na mmoja akiuza pai ya sukari katika kibanda alichojengewa na marehemu mumewe, uwanjani humo, kando ya mlango wa ofisi ya Meya, ambao ndio mlango pekee. Hapo hapo Meya alitaka kuweka sanamu ya babu yake Barnabé akimshika mkono mkewe Perrine. Mama akapewa siku kumi: alete uthibitisho au kibanda kivunjwe. Roho iliniuma, lakini afisa haumwi roho, hugonga mhuri.

"Mama, Fomu Namba Saba unayo?"

"Ninayo pai ya moto. Unakula au unagonga mhuri?"

"Vyote, Mama, ila kwa utaratibu."

"Na babu yako wewe ni nani, mwanangu?"

Nilikohoa. "Faili langu linashughulikiwa."

Akacheka, kisha akaufuta ubao wa kibanda polepole, ubao ambao tayari ulikuwa safi. "Wakikivunja hiki, mimi nitaamka asubuhi niende wapi?"

Sikuwa na fomu ya swali hilo. Nikaenda kwenye hifadhi ya nyaraka kumtafutia babu.

Nikaukuta mkataba wa ndoa wa Barnabé na Perrine, mmoja wa wasichana waliotumwa na mfalme wa Ufaransa kuja kuolewa na walowezi. Meya alikuwa amenakili ukurasa wa kwanza tu. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba wasichana wale walikuwa wakiweka alama ya sahihi mbele ya mthibitishaji, yule mwandishi wa mikataba, wakienda kumwona bwana harusi alivyo, wengine wakirudi kuufuta mkataba. Lazima ufunue ukurasa. Lakini Meya hafunui kurasa, hufunuliwa.

Ukurasa wa pili ulisema Perrine alirudi baada ya siku tisa. Nyumba haikuwa na paa, na Barnabé alikuwa amelimaliza peke yake pipa zima la mikunga ya chumvi, akiba ya samaki wa majira yote ya baridi. Mkataba ukafutwa, Perrine akaolewa na Toussaint Quessy, na kizazi chao kikashuka hadi kwa Mama Imelda. Ili Perrine aishi kwa amani, Barnabé aliweka alama ya msalaba chini ya maneno haya: yeye na kizazi chake hawatapita mbele ya mlango wa Perrine, wala wa kizazi chake Perrine, ila wavue kofia na kuomba ruhusa.

Nilimsomea Meya ukurasa huo uwanjani.

"Huo ukurasa haupo!" alifoka.

"Upo, mheshimiwa. Nimeshaugongea mhuri."

"Basi kifungu cha pili kifutwe leo leo!"

"Kitafutwa kikaoni, mheshimiwa. Na kikao hukaa ofisini."

Tukautazama mlango. Tukakitazama kibanda. Mama Imelda akatupungia kijiko.

Kikao bado hakijakaa, na sanamu ipo stoo, bado imeng'ang'ania mkono wa mke wa mtu. Na kila asubuhi saa mbili, baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, Meya husimama mbele ya kibanda kofia mkononi, masikio mekundu, nami kando yake na mhuri wangu na kipande changu cha pai.

"Mama Imelda, naomba kupita."

"Fomu Namba Saba umejaza, baba?"

Humpa. Mama huvaa miwani, huisoma neno kwa neno bila haraka. Kisha hulowesha kidole na kufunua ukurasa wa pili.