Breki za Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi gari limenidharau. Nimeshuka mteremko wa nyumbani, nimekanyaga breki kwenye kona ya duka la dawa, gari likaendelea na safari zake kama vile sikusema kitu. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Limesimama pua ikiwa imegusa pipa la taka. Mwenye duka ametoka, kaangalia pipa, kaangalia gari, kaniuliza kama si mimi niliyetamba kwamba gari la umeme halina cha kuharibika. Nimerudi nyuma, nikaondoka. Ni mimi.

Jioni, wakati wa kurudi, breki safi kabisa! Sielewi.

Na hii ndiyo wiki ya kunifanyia hivi? Jumamosi nampeleka mama mkwe kwenye operesheni ya jicho. Amenichagua kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu. Miaka tisa mwanyumba ndiye anayempeleka kila mahali na dizeli lake kuukuu linalokohoa. Miaka tisa mimi nabeba mikoba. Safari hii mama amesema anataka gari lisilo na kelele. Mwanyumba alitabasamu, lakini niliona mshipa wa shingo ukimcheza.

Kwa fundi siendi. Fundi wa magari ya umeme hapa mtaani ni mmoja, naye ni binamu yake mwanyumba. Habari ikifika kwake, mama mkwe ataipata kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua tatizo: mafuta ya breki yamepungua. Nimejuaje? Nimefikiri. Nimenunua chupa, nimefungua boneti, nikakuta mafuta yamejaa hadi kwenye alama. Nikaongeza hivyo hivyo, maana chupa nilikuwa nimeshaifungua. Yakafurika. Nikaenda kwanza kumalizia chai yangu, ndipo nikarudi kufuta. Kumbe mafuta yale yanakula rangi! Sasa juu ya tairi la mbele kuna baka limebabuka.

Mke wangu ameuliza ni nini. Nimemwambia ni kivuli. Amerudi saa sita mchana, jua la utosi, akauliza kivuli cha nini.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi breki dhaifu, jioni ziko sawa. Breki haziwezi kuumwa kwa ratiba. Hapa kuna mkono wa mtu! Na mwenye faida ni mmoja tu.

Jana jioni nilinyunyiza unga kuzunguka gari lote. Leo asubuhi nimekuta nyayo za mtu mmoja: zimetoka mlangoni, zimefika kwenye waya wa chaji, zimerudi mlangoni. Nimezipima na kandambili zangu. Zimelingana barabara. Mwanyumba ni mjanja kuliko nilivyodhani. Amevaa kandambili zangu!

Mke wangu anasema ni mimi mwenyewe niliyekwenda kuchomeka waya. Hajui upelelezi huyu. Halafu akauliza unga wake uko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mke wangu alikuwemo garini. Kona ileile. Tumesimama tukiwa tumepita kona, si kabla yake. Ameshuka, kaenda kazini kwa miguu, kisha kanipigia simu: leo ni fundi, au Jumamosi mama yake anapanda dizeli.

Nimekwenda. Nimemwambia fundi gari ni la rafiki yangu. Yule mama fundi hakubisha, akauliza tu rafiki huwa anachaji hadi wapi. Nikajisahau, nikasema kwa majivuno: mia kwa mia, kila siku mia!

Akanieleza polepole kama anayemweleza mgonjwa. Ukiachia mguu kwenye pedali ya mwendo, mota inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri, na kazi hiyo ndiyo inayopunguza mwendo. Betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda, basi mota haizuii tena. Zinabaki breki za kawaida peke yake. Ndiyo maana asubuhi nashuka mteremko bila msaada wowote. Akavua tairi akanionyesha: diski ya breki nyekundu kwa kutu, pini za kusogezea pedi zimeganda.

"Shemeji," akasema, "mwambie rafiki yako breki zimelala kwa kukosa kazi."

Amesugua, amepaka grisi, ameweka pedi mpya. Masharti: nisichaji kupita themanini, na nikanyage taratibu, kwa sababu sasa zinashika kwelikweli.

Ijumaa, 7 Machi

Gari limepona! Nimezunguka mtaa mara sita bila sababu.

Jioni mama mkwe amefika kulala kwetu, na mwanyumba naye kaja, tangi limejaa pomoni. Kainama, kasoma skrini yangu: themanini. Akaniuliza kwa upole, mama mkwe anasikia, kama hizo ishirini zilizobaki zinakuja kwa miguu. Mama akauliza kama kweli tutafika.

Nimechomeka waya. Fundi alikataza kujaza kila siku. Kesho si kila siku.

Jumamosi, 8 Machi

Mia kwenye skrini. Mama mkwe mbele, mkoba mapajani. Mwanyumba nyuma na dizeli lake, eti mke wangu kamwomba atufuate kwa tahadhari.

Kwenye mteremko nikaachia mguu, mama aone gari linavyojipunguza lenyewe. Halikupunguza. Kona ikaja mbio, mwenye duka akavuta pipa lake ndani. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nilivyozoea wiki nzima. Loo! Tumesimama kama tumegonga ukuta. Mkoba umeruka hadi kwenye kioo, miwani ya mama imeishia chini ya kiti changu. Dizeli limesimama nyuma yetu, imebaki nafasi ya kidole.

Nikamwambia mama breki nzuri ndivyo zinavyokuwa. Akafungua mkanda bila haraka.

"Mwanangu, usinichukie. Nakwenda kutengenezwa jicho, lakini na shingo bado naihitaji."

Akashuka, akapanda kwa mwanyumba. Wakanipita, mama akanipungia mkono. Imeniuma, sifichi.

Nimekaa kwenye usukani nusu saa nikitafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Yule fundi amezikaza breki kupita kiasi, bila shaka kwa maagizo ya binamu yake. Wiki ijayo mama anarudi hospitali kuangaliwa jicho, na safari hiyo hainipiti. Nimenunua spana. Kesho nazilegeza mwenyewe.